Maswali ya Wasomaji: Hivi Kanisa ni la Nini Hasa?

Wasomaji wangu wapendwa, mwezi huu nimepokea barua na mesenji nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, kanisa. Nimechagua nne. Wanaonifuata siku zote wanajua mi ni Mlutheri, mzee wa kanisa usharikani kwetu, kwa hiyo mkiona nimejibu kama Mlutheri mtanivumilia, ila pale swali lilipohusu wengine nimejitahidi kuangalia taratibu zao wenyewe zinasemaje.

SWALI: Salamu mama. Niko Nakuru. Nilikuwa nasali vizuri tu mpaka Machi 2020 makanisa yalipofungwa huku Kenya, tukaanza kufuata ibada kwa simu. Yalipofunguliwa sikurudi. Jumapili naweka bando, nasikiliza wahubiri wazuri kuliko wetu wa hapa, natuma sadaka kwa M-Pesa, naomba, nimemaliza. Mamangu anasema nimeacha kanisa, mimi naona bado niko ndani. Si Yesu alisema walipo wawili au watatu? Nani yuko sahihi?

Mwanangu, maombi yako ya chumbani Mungu anayasikia, hilo lisikusumbue hata kidogo. Na ibada za kwenye simu mi sizipigi vita. Kuna mgonjwa hawezi kunyanyuka kitandani, kuna nesi yuko zamu, kuna mabinti zetu wanafanya kazi za ndani huko Oman na Saudia, wengine hawapewi ruhusa hata ya kutoka getini, huyo akifungua simu usiku akasikia wimbo wa nyumbani kwao anapata nguvu ya kuamka kesho yake. Hao kanisa limewafuata walipo na ni vizuri sana.

Ila wewe ni mzima na miguu unayo.

Umenitajia wawili watatu, sasa fungua Mathayo 18 usome sura nzima, usichukue huo mstari peke yake. Habari yenyewe inaanza na ndugu aliyekukosea. Mfuate muongee wewe na yeye, akikataa nenda na mmoja au wawili, akikataa tena liambie kanisa, halafu ndipo linakuja hilo neno la wawili watatu waliokusanyika kwa jina lake. Na mara tu baada ya hapo Petro anauliza nimsamehe ndugu yangu mara ngapi! Yaani Yesu anaongea na watu wanaokaa karibu mpaka wanakoseana na inabidi wapatane. Huyo mhubiri wako wa kwenye simu hawezi kukukosea wala wewe huwezi kumkosea, hajui jina lako, na siku ukikosekana hataona.

Matendo 2:42 inasema wale wa kwanza walikuwa wakidumu katika mambo manne, fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Simu yako inakupa fundisho, na kusali inakusaidia kiasi. Ushirika hauna. Mkate huna.

Na mkate si kitu kidogo. Kule Korintho watu walikuwa wanakusanyika vizuri kabisa, lakini wenye nacho walikuwa wanatangulia kula, mwingine ameshiba mpaka amelewa na masikini amekaa pembeni ana njaa, Paulo akawaandikia kwa ukali kwamba hicho mnachokula wala si chakula cha Bwana. Ona uzito wake hapo, hakuwaambia imbeni vizuri zaidi au tafuteni mhubiri hodari, aliwashika kwenye suala la nani amekula na nani hajala. Kwa Paulo huwezi kuwa na Kristo mezani halafu jirani yako wa hiyo hiyo meza humwoni.

Kuna mtu anaitwa Justino, aliandika akiwa Roma miaka ya 150 na kitu baada ya Kristo, akimweleza mtawala Wakristo wanafanya nini siku ya Jumapili maana watu walikuwa wanawazushia mambo ya ajabu. Anasema wa mjini na wa shamba wanakutana mahali pamoja, yanasomwa maandiko ya mitume au manabii kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anafundisha, wanasimama wanaomba, unaletwa mkate na divai, na wale ambao hawakuweza kuja mashemasi wanawapelekea fungu lao. Halafu wenye uwezo wanatoa, kila mtu anavyopenda, na kile kinachopatikana kiongozi anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni waliofika mjini. Sasa mwanangu, hii ni kabla ya majengo makubwa, hakuna spika hakuna kinanda, watu wenyewe wanaweza kuuawa wakati wowote (Justino mwenyewe aliuawa kwa imani yake), na kila nikiisoma naona kitu kile kile, wanaenda kwa Mungu wakiwa wameshikana na wakitoka hapo kuna mtu anapelekewa kitu.

Kwetu hapa baada ya ibada tunakuwa na mnada nje ya kanisa. Asiye na hela analeta alichonacho, ndizi, kuku, maharage, maboga. Jumapili moja bibi mmoja alileta mayai matatu ndani ya kikapu kidogo, amefunika na kitambaa. Mnadi akaanza na mia tano, mtu akapandisha, mwingine akapandisha, yakanunuliwa elfu kumi, aliyenunua akasema anayarudisha yauzwe tena, yakauzwa tena, yakarudishwa tena, mpaka mwisho yule wa mwisho akachukua kikapu akamrudishia bibi mikononi na kumwambia mayai haya kale wewe na mjukuu. Bibi alikuwa amesimama pale anaona mayai yake yamekuwa sadaka kubwa kuliko bahasha za watu wenye mishahara. Hilo huwezi kulipata kwa M-Pesa hata ukituma laki.

Kwa hiyo mamako yuko sahihi, ila usirudi kwa sababu amekusema. Nenda kanisa la karibu na unapoishi, hata kama mhubiri wake ni wa kawaida, na omba kazi wiki hiyo hiyo, kupanga viti, kwaya, kuwapeleka wazee nyumbani, chochote kitakachofanya watu wajue kwamba wiki hii hukuja. Yule mhubiri wa simu endelea kumsikiliza Jumatatu hadi Jumamosi.

SWALI: Shikamoo mama. Baba alifariki mwaka jana. Alibatizwa Mkatoliki na kupata kipaimara kijijini kwao, ila alipohamia Dar alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, anakaa nyumbani siku mbili tatu anaondoka, jumuiya (kile kikundi kidogo cha waumini wa mtaani) hakuwa anahudhuria. Siku ya msiba mwenyekiti wa jumuiya akasema hamfahamu, barua ya kumtambulisha kwa padre hatoi, na padre hakuja. Tulizika na majirani, mzee mmoja wa mtaani akaongoza sala. Mama mpaka leo hajakanyaga kanisani. Naomba uniambie ukweli, baba yangu alikuwa nje ya kanisa? (Binti, Kimara)

Marahaba mwanangu, pole sana, na mpe mama pole zangu.

Baba yako alikuwa ndani. Ubatizo haufutwi na daftari la mahudhurio, kwa Wakatoliki wala kwetu. Na siku ile mlipokuwa makaburini, waliobatizwa wakasimama pamoja wakamwombea mwenzao, kanisa halikukosekana pale hata kama kanzu haikuwepo.

Sasa nikwambie jambo ambalo huenda hamkuambiwa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 1184, inataja watu wanaonyimwa mazishi ya kanisa, ni wale walioikana imani waziwazi, waliochagua mwili uchomwe kwa sababu ya kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yatawakwaza waumini, na hata hao wakionyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa hawanyimwi. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Kuchelewesha michango hakumo. Kanuni ya 1181 inaenda mbele zaidi inasema kusiwe na upendeleo kwenye mazishi na masikini wasikose mazishi yanayostahili. Kwa hiyo utaratibu wa barua ni wa kusaidia kumtambua mtu, ni mzuri ukitumika hivyo, mtu akifa padre ajue ni nani na familia inahitaji nini, ila haukuwekwa uwe kufuli.

Na hizi jumuiya ndogondogo zilianzaje? Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi 1973 wakaona parokia zimekuwa kubwa mno, watu hawajuani, wakasema maisha ya kanisa yajengwe kwenye vikundi vidogo pale mtu anapoishi na kufanya kazi, na 1976 wakalifanya hilo kuwa kipaumbele chao. Hata Sinodi ya Afrika ya 1994 kule Roma ikasema kanisa letu Waafrika ni familia ya Mungu. Familia! Sasa familia gani inayosema huyu simjui kwa sababu alikuwa barabarani anatafuta ada ya watoto?

Upande wa mwenyekiti pia naujua, maana hata sisi wazee wa kanisa tunakaa vikao vya namna hii. Kuna watu miaka kumi hawaonekani, hawajibu hata salamu, siku ya msiba wanataka turubai, kwaya, mchungaji na gari, na wale wale akina mama wachache ndio wanaobeba masufuria kila msiba, wamechoka kweli. Huo uchovu ni wa haki. Lakini kama jumuiya inasali Jumamosi asubuhi na baba wa nyumba ya tatu yuko Tunduma kila Jumamosi, kuna siku mtu angepaswa kuuliza, huyu dereva wetu anafikiwaje? Hata mesenji tu, tumekuombea safari njema. Hakuna aliyeuliza, na siku ya kufa lawama zote akatupiwa marehemu.

Kwenye Matendo 6 kanisa la Yerusalemu lilikuwa na shida ya aina hii hii. Wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakusema wajane hao waje vikaoni kwanza. Walikubali kuna tatizo, wakaita mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani, yaani kazi walipewa watu wanaofanana na wale waliokuwa wanalalamika. Mi naipenda sana hiyo sura. Kanisa linapimwa hapo hapo kwa waliosahaulika, na natamani kila kikao cha jumuiya kingefunguliwa kwa swali moja tu, nani wiki hii hatujamwona na kwa nini.

Cha kufanya sasa. Nendeni wewe na mama kwa paroko, siku ya kazi na siyo Jumapili akiwa na haraka, mmweleze kama ulivyonieleza mimi, bila kugombana. Ombeni misa ya kumwombea baba, hilo halina muda wa kuisha. Ombeni aje abariki kaburi. Mwezi wa Novemba ambao wao huwaombea marehemu uko kila mwaka, wekeni jina lake. Na kama mama hayuko tayari kwenda, usimlazimishe, mwambie paroko yeye ndiye aje nyumbani kwa mama, maana aliyeumizwa hafuati, anafuatwa.

SWALI: Mama hongera kwa kazi. Niko Mwanza, kanisa letu la kilokole. Kila Jumapili sadaka tatu nne, hatujawahi kusomewa mahesabu, ukiuliza unaambiwa usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Na kuna kiongozi mmoja amemdhulumu mjane kiwanja, kila mtu anajua, na ndiye anayeongoza maombi. Nimechoka na wanafiki. Niondoke? Na ubatizo wetu kwa mikono ya watu kama hawa ni halali kweli? (Mwanakwaya)

Ndugu yangu, nianze na hilo la ubatizo maana limeshajibiwa zamani sana, tena Afrika hii hii. Wakati wa mateso makubwa ya Wakristo chini ya Warumi, mwaka 303 na kuendelea, maaskofu wengine kaskazini mwa Afrika walisalimu amri wakatoa Maandiko yachomwe moto. Mateso yalipoisha, kundi lililokuja kuitwa Wadonati likasema huduma za watu wa namna ile ni bure, kanisa ni la wasafi tu. Ugomvi ukadumu zaidi ya miaka 100. Augustino, askofu wa Hippo, mji uliopo Algeria ya leo, akasema ubatizo ni wa Kristo, mikono inaweza kuwa michafu lakini anayebatiza ni Kristo mwenyewe, na akakumbusha ngano na magugu vinakua pamoja hadi mavuno. (Baadaye alikubali serikali itumie nguvu kuwarudisha Wadonati, hapo mi simfuati.) Kwa hiyo ubatizo wako uko salama, usitetemeke.

Ila watu wanautumia mfano wa magugu vibaya. Unakuta mtu ameiba anasema tuvumiliane, magugu na ngano. Hapana! Kuvumilia magugu haina maana ya kumkabidhi gugu daftari la sadaka.

Na hilo la mpakwa mafuta, Daudi ndiye aliyekataa kumgusa Sauli, lakini maana yake alikataa kumuua. Kusema alisema! Alitoka pangoni akamwita mbele ya majeshi yake akamweleza wazi kwamba unanionea. Na Daudi huyo huyo alipokuwa mfalme na kumfanyia Uria unyama, nabii Nathani aliingia mpaka ndani akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Paulo naye alipobeba mchango wa kwenda Yerusalemu hakubeba peke yake, 2 Wakorintho 8 inasema makanisa yalichagua ndugu wa kufuatana naye ili mtu yeyote asije akawalaumu kuhusu hizo fedha. Mtume Paulo! Kama yeye alitaka kuangaliwa, pasta wenu ni nani asiulizwe?

Kuhusu kuondoka, mi siyo mwepesi kumwambia mtu ahame, maana nimeona wanaohama kila mwaka na kila wanapofika wanakuta watu. Wale wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na huku kwetu, waliona kanisa limepoa na limejaa unafiki, lakini wengi wao hawakuondoka, walibaki kwenye makanisa yao, wakaanza kuungama dhambi zao wenyewe hadharani na kurudisha walivyoiba. Walikosewa na walikosea pia, lakini makanisa yetu mengi yamepata moto kutoka kwa hao waliobaki.

Kwa hiyo andikeni barua, watu watano sita mnaoheshimika, muombe mahesabu kwa adabu na kwa tarehe. Mkidharauliwa pandeni juu kwa viongozi wa dhehebu lenu. Na yule mjane asisubiri kanisa litubu, mpelekeni ofisi ya mtaa na baraza la ardhi, mumsindikize kweli, mkae naye kwenye benchi, mumlipie nauli. Hiyo ndiyo kazi ya kwaya yenu mwezi huu.

Kuna wakati lakini wa kuondoka bila kuaga. Kule Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu, na watoto walikuwemo. Nikikumbuka hilo mwili unanisisimka mpaka leo. Ukiona unakatazwa hospitali, unakatazwa kuongea na ndugu zako, watoto wanatolewa shule, na neno la mtu mmoja halipimwi kwa Maandiko wala halihojiwi, chukua watoto uondoke siku hiyo hiyo na ukatoe taarifa.

SWALI: Sisi ni wachumba, tuko Moshi. Mimi kijana ni Mlutheri wa Machame, mwenzangu binti ni Mkatoliki wa Kilema. Familia zinavutana kanisa la kweli ni lipi. Tusaidie. (Tunaopendana)

Wanangu, hongereni. Kwanza waambieni wazee wenu kwa upole kwamba wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893, na mapadre walikuwa wameshafika Kilema kabla yao kidogo, na wengi wetu pale mlimani dhehebu tulilonalo limetokana na nani alifika kwenye kilima chetu. Wote tunakiri kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume, kwa imani ile ile ya Nikea, na ubatizo wa upande mmoja upande mwingine unaukubali, harudiwi mtu. Hata KKKT yenyewe (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ilikuwa makanisa saba mbalimbali yakaungana 1963, kwa hiyo kuungana kunawezekana.

Sitawaficha kwamba meza ya Bwana bado hatushiriki pamoja, na mtaliona Jumapili ya kwanza tu baada ya harusi, mmoja anainuka mwingine anabaki kwenye benchi. Linauma, na mi naona ni sawa liume, Yesu aliomba wote wawe na umoja na sisi hatujafika.

Mambo ya kujua mapema: binti atahitaji kibali cha upande wake kufunga ndoa na asiye Mkatoliki, na ataombwa aahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe Ukatoliki, na wewe kijana utaarifiwa kuhusu hiyo ahadi. Liongeeni sasa hivi kabla ya barua ya posa, tena nyie wawili kwanza, wajomba na mashangazi baadaye. Halafu nendeni pamoja kwa mchungaji na kwa padre, wote wawili, mkiwa na vyeti vyenu vya ubatizo mkononi, na mwulizeni kila mmoja tukisali kwenu mtampokeaje huyu mwenzangu.

Maswali ya mwezi ujao yatumeni mapema, na anayeandika kuhusu mirathi anitajie tafadhali kama marehemu aliacha wosia.